Dawati la Safari: Malaysia ya Desemba, shikeni pwani ya magharibi

SWALI: Dada, salamu nyingi kutoka Tudor, Mombasa. Binti yetu mkubwa anasoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kule Gombak, pembezoni mwa Kuala Lumpur, na mwaka huu tumeamua tusimngoje arudi, tumfuate sisi. Tutakwenda mimi, baba watoto, wavulana wawili wa miaka 13 na 9, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tuna wiki mbili Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Binti katutumia picha za visiwa vya Perhentian na sasa watoto hawataki kusikia kingine. Shemeji yangu naye katupangia Kuala Lumpur, Melaka, Penang, Langkawi, Cameron Highlands, Perhentian, kisha Borneo tukawaone orangutani. Yawezekana? Na chakula cha halali tutakipata kila mahali, au nifungashe unga wangu? Mama Z.

JIBU: Mama Z., unga uache nyumbani. Chakula nitakifikia, lakini nianze na Perhentian, maana hapo ndipo pesa zenu zinapoweza kupotea bure.

Desemba Perhentian, iliyoko pwani ya mashariki, haiendeki. Usidhani ni msimu wa wageni wachache tu, mtu akapata bei nafuu. Bahari inachafuka, boti za kutoka Kuala Besut zinasimama, na hoteli nyingi hufunga milango mpaka karibu na Machi. Picha alizowatumia binti zimepigwa kati ya Aprili na Septemba, na ni picha za kweli, ila za mwezi mwingine.

Nyinyi watu wa Mombasa upepo mnaujua. Kaskazi inayotupa sisi jua la Desemba hadi Machi, iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, ina ndugu yake kule. Msimu ni mmoja, njia ndiyo tofauti. Ya kwetu hushuka kutoka nchi kavu, kwa hiyo hufika na mvua haba. Ya kwao hupita juu ya Bahari ya Kusini ya China, huchota maji safari nzima, na ikifika majimbo ya mashariki, Kelantan, Terengganu na Pahang, huyamwaga yote. Desemba 2014 mafuriko ya upande huo yalihamisha watu zaidi ya 200,000 kutoka makwao. Lakini katikati ya rasi kuna milima ya Titiwangsa, na milima hiyo hukinga upande wa magharibi. Ndiyo maana wakati Perhentian imefungwa, Langkawi ndiyo kwanza inaingia kiangazi chake, na Penang nayo inakauka. Kuala Lumpur mvua ya alasiri itawapata, ile ya kupiga kwa nguvu saa moja hivi kisha jua likarudi. Miavuli mtanunua huko.

Basi nikipanga safari ya Malaysia hutazama mwezi kwanza, pwani baadaye. Desemba yenu ni ya magharibi.

Kwa wavulana msiseme mmewanyang'anya bahari. Langkawi ina bahari, ina mikoko ya Kilim ambako tai huzunguka juu ya boti, na ina kebo inayopanda mlima Machinchang hadi mahali unapoona visiwa vimetawanyika chini yako. Ila nikwambie wazi: maji ya Langkawi hayang'ai kama ya Perhentian, na watoto waliokulia karibu na Diani wataliona hilo siku ya kwanza. Mimi sioni kama ni hasara. Mtu wa pwani yetu haruki bahari nzima kufuata mchanga. Malaysia ina kitu ambacho kwetu kipo kidogo kidogo, lakini kwao kimejaa barabara nzima: Wamalai, Wachina, Wahindi na wengine wengi, kila mmoja na ibada yake na jiko lake, wakipishana kwenye kibaraza kimoja. Hicho ndicho mkifuate, nacho kinataka muda.

Kwa sababu hiyo orodha ya shemeji naikata. Borneo iondoke: ni kuvuka bahari kwa ndege ya saa mbili na nusu kutoka Kuala Lumpur, na inastahili safari yake yenyewe. Cameron Highlands iondoke pia. Ni pazuri, baridi yake ni ya kuvaa sweta, lakini barabara ni kona juu ya kona, mama mkwe atachoka na mdogo atatapika, ili muone mashamba ya chai ambayo mngeyaona Kericho. Bakizeni Kuala Lumpur usiku 5 kwa sababu ya binti, Melaka usiku 1, Penang 4, Langkawi 3. Shemeji akilalamika, mwambieni ni mimi.

Kuala Lumpur binti atakuwa mwenyeji, kwa hiyo sitaeleza sana. Mapango ya Batu yako jirani na chuo chake. Nendeni mapema, kabla jua halijakolea. Ngazi ni 272, zimepakwa rangi kila aina, na pembeni yake imesimama sanamu ya dhahabu ya Murugan, mungu wa Kihindu, yenye urefu wa karibu mita 43. Mama mkwe abaki chini, na hatakosa kitu: sanamu inaonekana vizuri zaidi kutoka uwanjani, kuna njiwa, kuna maduka ya mashada ya maua, na kuna mikahawa ya Kihindi ambako ataletewa chai na kiti. Wavulana wasipande na mfuko wa karanga au chupa ya soda mkononi, nyani wa pale hawaombi, wananyakua. Hilo ni hekalu, si bustani ya burudani. Magoti yafunikwe, wavulana nao wavae suruali ndefu.

Jioni moja kaeni kwenye bustani ya KLCC chini ya minara ya Petronas. Kukaa hapo ni bure, na watoto wataangalia chemchemi zikirusha maji huku minara inawashwa taa. Zingatieni jua: saa za Malaysia ziko 5 mbele ya zetu, na jua huzama karibu saa moja na robo jioni mwaka mzima, si saa kumi na mbili na nusu kama tulivyozoea. Ukingojea magharibi kwa mazoea ya Mombasa utadhani mchana hauishi.

Melaka ni saa mbili kwa basi, na nyinyi mna sababu ya kwenda kuliko wageni wengine wote. Wareno waliiteka Melaka mwaka 1511 wakajenga ngome waliyoiita A Famosa. Ni Wareno hao hao walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakishika bahari moja kwa ncha zake mbili. Tofauti ni kwamba Fort Jesus yenu imesimama, na ya Melaka ilibomolewa na Waingereza mwaka 1807, limebaki lango moja tu. Wapeleke wavulana walione lile lango, wao wenye ngome nzima nyumbani. Tena mtakuta habari za Zheng He, amiri wa Kichina Mwislamu, ambaye misafara yake ilitua Melaka na baadaye ikafika mpaka Malindi. Mtaa wa Jonker hufunga magari usiku wa Ijumaa hadi Jumapili ukawa soko. Pangeni usiku wenu uangukie hapo.

Sasa Penang, na hapa nina upendeleo, sifichi. Niliishi George Town, chumba cha juu ya duka la fundi cherehani Mtamil Mwislamu, mwenye nyumba bibi wa Kichina aliyekuwa akinigongea mlango kila sikukuu yake kunipa sahani. Kwa hiyo yafuatayo nayasema kwa mapenzi.

Chukueni treni ya umeme kutoka KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, hadi Butterworth, karibu saa nne, kisha mvuke kwa feri. Msipande ndege kipande hiki. Kuingia George Town kwa maji, mji ukikujia taratibu na milima nyuma yake, mama mkwe atakumbuka Likoni, ila hapa hakuna msongamano wa magari. Tiketi za treni nunueni mapema mtandaoni, maana Desemba Wasingapore nao wako likizo na viti huisha.

Mkishatua, tafuteni barabara inayoitwa Jalan Masjid Kapitan Keling. Anzeni juu, kwenye kanisa la St George's la mwaka 1818, jeupe, na nguzo zake nene. Hatua chache mbele, moshi wa udi utawafikia kabla hamjaliona hekalu la Kuan Yin, ambako akina mama wa Kichina hushika vijiti vya udi kwa mikono miwili, wakainama mara tatu, wakavichomeka kwenye majivu. Endeleeni, upande wa nyuma kuna mnara wa hekalu la Kihindi la Mahamariamman, umejaa miungu ya rangi kutoka chini hadi juu. Kisha mwisho unafika msikiti wa Kapitan Keling, ulioanzishwa na wafanyabiashara Waislamu kutoka India mwaka 1801. Njia nzima ni mwendo ambao hata mzee ataumudu akipumzika. Mimi nilipenda kupita hapo alasiri ya Ijumaa, watu wa msikitini wakitoka, na muuza maua ya hekalu akisogeza ndoo zake kidogo ili wapite, bila mtu kumwomba.

Si kwamba hawana matatizo yao. Wana siasa za nani apewe nini, na mkikaa kwenye teksi kwa muda mtazisikia. Lakini kuishi pamoja kule mtu hukufanya kila siku, na hilo watoto wenu waliokulia Tudor watalitambua upesi.

Neno kuhusu magoti: vibaraza vya George Town ni vya kivuli na vizuri, lakini kila duka limeinua sakafu yake linavyotaka, hapa unapanda, pale unashuka, na mitaro iko wazi. Mama mkwe avae viatu vilivyofunga kisigino, na kati ya mtaa na mtaa mwiteni Grab, ni kama Bolt ya huku. Mlima wa Penang una treni ya kamba tangu mwaka 1923, atafika kileleni ameketi.

Chakula. Asubuhi yenu ya kwanza nunueni nasi lemak ya kufungwa. Mtapewa kifurushi cha pembe tatu, karatasi nje na jani la mgomba ndani, bado cha moto. Mkikifungua hutoka kwanza harufu ya nazi na ya jani la pandan, mmea wa ukoo mmoja na mkadi wetu. Ni wali wa nazi, Mama Z., wali wenu. Juu yake kijiko cha sambal nyekundu, pilipili iliyopikwa hadi ikaingia utamu, dagaa wakavu waliokaangwa pamoja na karanga mpaka wanalia mdomoni, yai la kuchemsha na vipande vya tango. Mara nyingi bei yake haifiki ringgit 5, na ringgit moja ni takriban shilingi 30 za Kenya. Mama mkwe atakula, atanyamaza, kisha atauliza wameweka nini kwenye ile pilipili.

Mikahawa ya Waislamu wa Kihindi huitwa mamak, mingi haifungi usiku. Hapo kuna roti canai, chapati ya tabaka inayorushwa hewani na kukunjwa, na chai ya maziwa wanayoimimina kutoka kikombe cha juu hadi cha chini mpaka itoe povu. Penang pia ina nasi kandar, wali unaomwagiwa michuzi mitatu minne kwa wakati mmoja. Na ile cendol, barafu iliyokwanguliwa na tui la nazi na sukari nyeusi ya mnazi, wapeni wavulana saa nane mchana jua likiwa kali.

Halali tazameni alama ya duara ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, ukutani. Mahali pa Wamalai na mamak hamna shaka. Kwenye vibanda vya Kichina ulizeni, maana tambi za kukaanga mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Na bango linalosema hawauzi nguruwe halitoshi: kuku anaweza kuwa hakuchinjwa kwa sheria, na mchuzi ukawa na mvinyo.

Makaratasi sasa. Pasipoti ziwe na miezi 6 mbele. Visa thibitisheni na Ubalozi wa Malaysia, Nairobi, kabla ya kulipia tiketi. Kwa kuwa mnatoka Kenya, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano mtaulizwa, nayo huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo asiye nayo asingoje wiki ya mwisho. Kuna fomu ya kidijitali ya kuingia, MDAC, kila mmoja ajaziwe ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Haina malipo, tovuti yoyote inayowadai pesa kwa hiyo ifungeni. Hotelini wageni hutozwa kodi ya utalii ya ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, kwa hiyo vyumba viwili kwa usiku 13 ni ringgit 260 ambazo hazimo kwenye bei mliyoiona mtandaoni. Na kutoka uwanja wa ndege, treni ya haraka ni ringgit 55 kwa mtu mzima. Kwa familia yenu gari kubwa la Grab litawafaa zaidi, na litamfikisha bibi mlangoni.

SWALI: Shikamoo dada. Tuko marafiki wanne, Sinza, Dar es Salaam. Tunataka Malaysia mwezi wa Agosti, ufuko na Mlima Kinabalu. Mmoja wetu ameshafika Kilele cha Uhuru, anasema Kinabalu tunaupanda na kushuka siku moja. Kweli? J.M.

JIBU: Marahaba. Agosti ndiyo haswa ya Perhentian, kwa hiyo nyinyi nendeni huko nilikowazuia wenzenu wa Mombasa. Shukeni Kota Bharu, gari hadi Kuala Besut, boti. Bebeni fedha taslimu kutoka bara, visiwani msitegemee mashine za benki. Kelantan na Terengganu mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, basi shughuli za ofisini msiziache hadi Ijumaa. Mjini vaeni kwa staha. Nguo za kuogelea ni za kisiwani.

Kinabalu uheshimuni. Ni mita 4,095, chini ya Kilimanjaro kwa mita 1,800, lakini utaratibu wa hifadhi ni siku mbili na usiku mmoja, na mwongozaji ni lazima. Mnaanzia lango la Timpohon, kama mita 1,866, mnapanda msitu wenye mimea inayokula wadudu, mnalala Panalaban kwenye mita 3,270 hivi, kisha mnaamshwa karibu saa nane usiku mpande mwamba mtupu kwa kamba ili mfike kileleni alfajiri. Kilimanjaro huwapa watu siku nyingi za kuzoea hewa. Hapa mwili unapandishwa haraka, na kushuka ni ngazi zisizoisha. Anayejivunia Uhuru afanye mazoezi ya mapaja. Vitanda vya Panalaban ni vichache na ndivyo vinavyoamua idadi ya wapandaji, kwa hiyo wekeni nafasi miezi kadhaa mapema, kabla hata ya tiketi ya ndege. Watu wengi hukata ndege kwanza, wakafika Kota Kinabalu wakaishia kuutazama mlima kwa chini.

Pasipoti msiziache hotelini Kuala Lumpur. Sabah, ulipo Kinabalu, na Sarawak ziliingia kwenye shirikisho mwaka 1963 zikiwa zimebakiza mamlaka yao ya uhamiaji, na mtakaguliwa hata kama mmetoka uwanja wa ndege wa ndani ya nchi hiyo hiyo. Mtanzania hahitaji kuelezwa sana jinsi muungano unavyoweza kuwa na milango yake. Mkiwa upande huo, ongezeni siku ya Sepilok. Kituo hicho kimelea orangutani yatima tangu mwaka 1964, na saa ya kulishwa huwaona wakija kwa kamba kutoka msituni, mama na mtoto kamshika ubavuni.

SWALI: Naandika kutoka Eastleigh, Nairobi. Tunasafiri kwenda Malaysia mwezi ujao. Nibebe adapta gani ya umeme? Na mume wangu anauliza kama anaweza kubeba miraa kidogo ya njiani. H.

JIBU: Adapta hamhitaji. Soketi zao ni za matundu matatu kama zetu, na umeme ni volti 240. Gari nazo zinapita kushoto, hamtashangaa barabarani.

Miraa hapana, hata kijiti kimoja mfukoni. Kilichomo ndani yake kinahesabiwa dawa ya kulevya kule, na sheria za Malaysia za dawa za kulevya ni kali kuliko anavyofikiri. Mwaka 2023 waliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, lakini hakimu bado anaweza kuitoa kwa wasafirishaji, na vifungo ni vya miaka mingi. Mwambie akague mifuko ya koti alilozoea kulivaa barazani, na begi pia, kabla ya kufungasha. Na kwa kuwa unaniandikia mapema, nakuomba jingine: vijana wa Afrika Mashariki wamefungwa Asia kwa mizigo waliyobebeshwa na watu waliowaamini. Mtu akiwaletea kifurushi cha kumpelekea mwanafunzi, kifungueni mbele yake, kila kopo na kila pakiti. Asipokubali kifunguliwe, arudi nacho.